Saa sita kwenda, saa thelathini kurudi: kisa cha tiketi ya Singapore–Newark

Oktoba 2018 dada mmoja tuliyefahamiana kwa miaka mingi alinitumia picha ya tiketi ya baba yake, pamoja na ujumbe huu: "Kaka, hebu niangalizie hii. Kwenda ni saa sita na dakika ishirini na tano, kurudi ni saa thelathini na dakika arobaini na tano. Na kwenye intaneti nimeona wanasema saa kumi na saba. Nishike lipi?"

Tiketi ilikuwa ya Singapore Airlines, safari ya moja kwa moja kati ya uwanja wa Changi, Singapore, na uwanja wa Newark, ambao uko New Jersey lakini unahudumia jiji la New York. Safari hiyo ilikuwa ndiyo kwanza imerudishwa, tarehe 11 ya mwezi huohuo, baada ya kusimama kwa karibu miaka mitano, na wakati ule hakukuwa na safari ya abiria ya ratiba iliyoizidi kwa urefu duniani kote. Tiketi yenyewe ilisema: kuondoka Singapore 23:35, kufika Newark 06:00 kesho yake. Kurudi, kuondoka Newark 10:45, kufika Singapore 17:30 kesho yake.

Swali kama hili kwa kawaida ningelijibu kwa sentensi mbili. Mara hii nililazimika kukaa chini, kwa sababu mzee huyo anatumia dawa ya kuzuia kifafa: kidonge kimoja kila baada ya saa 12, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila kuruka. Na binti yake alikuwa ameshapanga. Mzee atameza kidonge saa mbili usiku kabla ya kwenda uwanjani. Atapanda ndege, atafika saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili asubuhi, akiwa ameshatulia, atameza kinachofuata. Ndani ya ndege hakuna dawa ya kumeza, kwa hiyo vidonge vyote viliwekwa kwenye sanduku kubwa linalopakiwa tumboni mwa ndege.

Ukiusoma mpango huo kwa mshale wa saa, hauna dosari. Saa mbili usiku, halafu saa mbili asubuhi. Ndicho kilichonitisha. Kati ya saa mbili ile ya Singapore na saa mbili ile ya New York hakuna saa 12. Kuna saa 24. Mzee angeruka kidonge kizima akiwa juu ya bahari, na yeye mwenyewe, mwanawe na saa ya mkononi wote wangekubaliana kwamba hajaruka kitu.

Kosa la dada yangu ni la watu wengi, na halitokani na uzembe. Tiketi huandikwa kwa saa ya mahali. Saa ya kuondoka ni ile inayoonekana ukutani kule unakoondokea, na saa ya kufika ni ile ya ukutani kule unakofikia. Ukizitoa moja kwenye nyingine unapata namba, lakini namba hiyo si muda wa safari. Ni muda wa safari uliochanganyika na tofauti ya majira, na kwenye safari ndefu mchanganyiko huo unaweza kukupa kitu cha ajabu kama saa sita za kuvuka nusu ya dunia.

Njia ya uhakika ni kuzipeleka saa zote mbili kwenye saa moja ya kimataifa, UTC. Singapore iko saa 8 mbele ya UTC mwaka mzima. New York mwezi wa Oktoba bado iko kwenye majira ya kiangazi, yaani saa zake zimesogezwa mbele kwa saa moja, na hivyo iko saa 4 nyuma ya UTC. Basi 23:35 ya Singapore ni 15:35 UTC, na 06:00 ya Newark ni 10:00 UTC siku inayofuata. Toka 15:35 hadi 10:00 ya kesho ni saa 18 na dakika 25. Kurudi: 10:45 ya Newark ni 14:45 UTC, 17:30 ya Singapore ni 09:30 UTC ya kesho yake, jumla saa 18 na dakika 45.

Tofauti ya majira kati ya miji hiyo miwili mwezi huo ilikuwa saa 12 kamili, na kwetu tunaosoma saa kwa Kiswahili jambo hili lina uzuri wake. Ndege inapoondoka Singapore ni saa tano na dakika thelathini na tano usiku, na New York dakika hiyohiyo ni saa tano na dakika thelathini na tano asubuhi. Namba haibadiliki, kinachobadilika ni neno la mwisho tu. Mzee asingehitaji hata kugusa mishale ya saa yake. Lakini hapohapo ndipo mtego ulipo, maana saa isiyobadilika haikuonyi kwamba nusu siku imepita.

Kuna njia nyingine niliyomfundisha dada, ambayo haihitaji kujua majira ya mji wowote. Ukiwa na tiketi ya kwenda na kurudi, toa saa kama alivyofanya yeye, pande zote mbili, kisha jumlisha na ugawanye kwa mbili. Saa 6:25 na saa 30:45 jumla yake ni 37:10. Nusu yake ni 18:35. Huo ndio wastani wa muda wa safari, sawasawa na ule wa UTC, kwa sababu tofauti ya majira iliyopunguza muda wa kwenda ndiyo hiyohiyo iliyoongeza muda wa kurudi, na zikikutana zinafutana. Njia hii inaharibika pale tu ambapo mji mmoja unabadilisha saa zake katikati ya safari hizo mbili. Marekani ilirudisha saa nyuma tarehe 4 Novemba mwaka huo, na mzee alikuwa anarudi kabla ya hapo, kwa hiyo tulikuwa salama.

Zikabaki zile saa kumi na saba za kwenye intaneti.

Vikokotoo vya umbali hufanya kazi mbili. Kwanza hupima umbali, na hapo mara nyingi ni sahihi: Changi hadi Newark ni takriban kilomita 15,344. Kisha huugawa umbali huo kwa kasi fulani, tuseme kilomita 900 kwa saa, ambayo ni kasi ya kawaida ya ndege kubwa ikiwa imeshatulia angani. Jibu ni saa 17 na dakika 3. Hesabu haina kosa. Ila inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza: ndege ingechukua muda gani kama ingefuata mstari mfupi kuliko yote, hewa ikiwa imetulia tuli, bila kupanda wala kushuka.

Mstari huo wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua tufe, si ramani ya ukutani. Shika ncha moja ya uzi pale Singapore na nyingine New York, kisha uvute mpaka ukaze. Kwenye ramani bapa ungetarajia uende mashariki kuvuka Pasifiki au magharibi kuvuka Atlantiki. Hauendi kokote kati ya huko. Unapanda kaskazini karibu wima: unapita Sichuan nchini China, kisha Mongolia, unaingia Siberia kwa kupita magharibi ya Ziwa Baikal, kisha Bahari ya Aktiki. Unapita kama kilomita 230 tu kutoka Ncha ya Kaskazini, halafu unashuka upande wa pili kupitia visiwa vya kaskazini mwa Kanada na jimbo la Quebec hadi Newark. Mara ya kwanza nilipokokotoa kilomita hizo 230 nilirudia hesabu nikidhani nimekosea. Sababu yake ni kwamba viwanja hivi viwili vimetenganishwa na nyuzi 178 za longitudo, na nyuzi 180 ndiyo nusu ya dunia kamili. Miji inayotazamana kwa namna hiyo, yote ikiwa kaskazini ya ikweta, njia yake fupi lazima ipite karibu na ncha.

Kwa kawaida ndege haikufuata uzi huo. Si kwamba Aktiki imefungwa. Zipo njia za ndege zinazopita huko. Lakini huko kuna mambo yake. Mafuta ya ndege aina ya Jet A-1 huanza kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri na Jet A kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo marubani hulazimika kufuatilia joto la matangi saa zote. Ndege ya injini mbili inatakiwa kuwa na uwanja wa kukimbilia ndani ya muda uliowekwa, na kule juu viwanja ni vya kuhesabu. Yote hayo yana ufumbuzi. Sababu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni upepo.

Katika urefu wa kilomita 9 hadi 12 kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na mmoja wa mikali zaidi hupita juu ya Japani na Pasifiki ya Kaskazini. Wakati wa baridi kasi yake inaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa. Kasi ya ndege hupimwa kwa hewa iliyoizunguka, si kwa ardhi iliyo chini yake. Ikiwa ndani ya hewa inayokwenda nayo, inabebwa. Ikikutana nayo uso kwa uso, inakwenda mbisho kama jahazi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020 ndege moja ya abiria ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita, kwa sababu dhoruba ya siku hiyo iliisukuma kutoka nyuma.

Sasa turudi kwenye uzi wetu, tuulegeze kidogo. Singapore hadi Tokyo, kisha Tokyo hadi Newark, ukijumlisha ni takriban kilomita 16,200. Singapore hadi London, kisha London hadi Newark, ni takriban 16,450. Tazama jinsi mzunguko ulivyo wa bei nafuu. Unaacha njia ya nchani, unakwenda kuzunguka bahari nzima upande wa mashariki au upande wa magharibi, na unaongeza kilomita 850 au 1,100 tu juu ya 15,344. Na ndege ikipata upepo wa nyuma wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, ile njia ya Tokyo inachukua saa 17 na dakika 3. Ni dakika zilezile za njia fupi kwenye hewa tuli. Upepo huo ukiwa na nguvu zaidi kidogo, njia ndefu ndiyo inayowahi.

Hapo ndipo safari ya Singapore na New York inapotofautiana na nyingine nyingi. Kati ya London na New York, anayekwenda magharibi hana la kufanya, lazima apambane na upepo, ndiyo maana kwenda na kurudi hupishana kwa karibu saa nzima. Hapa unaweza kwenda mashariki pande zote mbili. Kutoka Singapore ndege huelekea Japani na kuvuka Pasifiki, ikisukumwa. Kutoka New York, mara nyingi huvuka Atlantiki na kupita Ulaya kuelekea Asia, ikisukumwa tena. Mzee angeondoka na kurudi akiwa ameizunguka dunia nzima bila kugeuka nyuma. Ndiyo sababu tiketi yake ilionyesha tofauti ya dakika 20 tu kati ya kwenda na kurudi. Njia haipangwi mara moja kwa mwaka mzima. Huchorwa upya kabla ya kila safari, kwa kusoma utabiri wa upepo wa siku hiyo.

Shirika lenyewe lilipotangaza safari hii lilitaja umbali wa takriban kilomita 16,700 na muda wa hadi saa 18 na dakika 45. Kwa hiyo mtu akikuambia umbali ni 15,344 na mwingine akakuambia 16,700, usiwagombanishe. Wa kwanza amepima uzi, wa pili amepima njia.

Dakika nyingine za tiketi haziko angani kabisa. Muda wa ratiba huanza ndege inaposogea kutoka langoni na kuishia inaposimama kwenye lango jingine. Ndani yake kuna kusubiri zamu ya kuruka, kupanda polepole ikiwa imejaa mafuta, kushuka, pengine kuzungushwa kabla ya kutua, na akiba kidogo ya kuchelewa. Ile ndege ya kwanza ya tarehe 11 Oktoba ilitua Newark saa kumi na moja na dakika ishirini na tisa alfajiri (05:29) kwa saa za huko, nusu saa kabla ya ratiba.

Kuhusu kujaa mafuta, aina ya ndege inayofanya safari hii, A350-900ULR, hubeba hadi lita 165,000, yaani lita 24,000 zaidi ya A350-900 ya kawaida. Kwa uzito lita hizo 165,000 ni kama tani 132, na ndege nzima hairuhusiwi kuruka ikiwa na zaidi ya tani 280. Karibu nusu ya kinachoinuliwa kutoka ardhini ni mafuta, na sehemu ya mafuta hayo inaungua kwa kazi ya kubeba mafuta mengine. Ndiyo maana ndani yake mlikuwa na viti 161 tu, 67 vya daraja la biashara na 94 vya daraja linalofuata, bila hata kimoja cha daraja la kawaida. Na ndiyo maana ile safari ya awali, iliyofanywa na A340-500 yenye injini nne kuanzia 2004, iliachwa Novemba 2013. Umbali haukubadilika hata kidogo katika miaka hiyo. Injini ndizo zilizobadilika.

Nilimwandikia dada jibu refu, kisha nikampigia simu, maana mambo ya dawa sipendi yaishie kwenye maandishi. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo kaka, saa kumi na nane na nusu kweli?" Kweli, nikamwambia. Usiku mmoja, mchana mzima, na usiku mwingine. Jua litamchomozea mzee maeneo ya Japani. Muda mfupi kabla au baada ya saa sita usiku ya Singapore ataingia tarehe mpya, kisha katikati ya Pasifiki atavuka Mstari wa Kimataifa wa Tarehe na kurudishwa jana, na tarehe ileile itamwingilia mara ya pili akiwa juu ya Amerika ya Kaskazini. Kalenda itasema amesafiri usiku mmoja. Mwili utajua ukweli.

Tukaketi na mpango wa vidonge upya, kisha yeye akaupeleka kwa daktari wa mzee, ambaye aliukubali. Kidonge cha saa mbili usiku kilibaki pale pale, Singapore, kabla ya safari. Cha pili saa mbili asubuhi ya Singapore, ambayo ni saa 8 na dakika 25 baada ya ndege kuondoka langoni, mzee akiwa juu ya Pasifiki ya Kaskazini. Cha tatu saa mbili usiku ya Singapore, ambayo sasa ni saa mbili asubuhi ya New York, saa mbili baada ya ratiba ya kutua. Nilimsihi asikitegemee kile cha tatu kuwa cha nyumbani, kwa sababu foleni ya uhamiaji na kusubiri masanduku vinaweza kuzimeza saa mbili hizo. Dawa zote zikatolewa kwenye sanduku kubwa zikawekwa kwenye mkoba wa mkononi, na cheti cha daktari juu yake. Binti akabandika kipande cha karatasi kwenye kopo: "Usibadilishe saa yako. Saa mbili, saa mbili, saa mbili."

Mzee aliwasili salama. Kidonge cha tatu alikimeza akiwa amesimama kando ya mkanda wa masanduku, na chupa ya maji aliyopewa ndani ya ndege.

Mwishoni mwa Desemba dada alinitafuta tena. Mzee alikuwa anasafiri Januari, njia ileile. "Karatasi yangu bado ninayo," akasema, "naibandika tu, si ndiyo?"

Nikamwambia aandike nyingine. Januari New York iko kwenye majira ya baridi, saa 5 nyuma ya UTC, na Singapore haisogezi saa zake kamwe. Tofauti ni saa 13. Saa mbili usiku ya Singapore itamkuta mzee New York ikiwa saa moja asubuhi.